Jioni na Watasema juu ya Gangilonga

Mbwa wangu anaitwa Watasema. Jina hilo sikumpa mimi. Alikuja nalo kutoka kwa jirani aliyehama Iringa na kuniachia mnyama huyo pamoja na kamba ya katani, bakuli lililobonyea na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Nilipompokea sikuwa na nia yoyote ya kumtembeza. Kwetu mbwa hufungwa mchana na kufunguliwa usiku ili alinde, na mtu anayetoka naye jioni kwa matembezi tu huonekana kuwa ama mgeni kutoka Ulaya ama mtu aliyekosa kazi. Lakini huyu alikuwa ameshazoeshwa. Ilipofika saa kumi na moja alisimama getini akalia kwa sauti nyembamba kama mlango unaodai mafuta, akarudia hivyo siku tatu mfululizo, na siku ya nne nikavaa viatu.

Tangu hapo tunapanda Gangilonga mara mbili au tatu kwa wiki. Si mlima wa kujisifia, kwa kuwa mji wenyewe tayari uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,600, na kilima hiki kinauzidi kidogo tu. Mtu mwenye miguu mizima akishazipita nyumba za mwisho anafika juu ya jiwe kabla jasho halijamtoka sawasawa. Kazi iko kwenye njia kabla ya kilima, kwa sababu hapo ndipo kuna watu. Watoto hutimua mbio wakipiga kelele, kisha hurudi kuuliza kama anang'ata. Wazee wanaokwenda kuswali Magharibi wakiwa wameshatia udhu hunilazimu nivuke upande wa pili wa barabara na kuifupisha kamba hadi shingoni, maana mate ya mbwa kwao ni najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na mwenye mbwa asiyejali hilo hana adabu, hata kama mbwa wake ni mpole kiasi gani. Na kuna bibi anayeuza karanga penye kona, ambaye kila nikimwamkia huitikia kwanza, kisha humtazama Watasema kuanzia mkia hadi pua na kuniuliza kama ameshanenepa vya kutosha. Yeye si Mhehe, kwa hiyo utani huo wa kwamba sisi tunakula mbwa ni haki yake kamili, nami humjibu kwamba nasubiri Krismasi.

Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Masimulizi yanasema kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyewapinga Wajerumani hadi alipojiua mwaka 1898 asikamatwe akiwa hai, alikuwa akija hapa kutafakari, na kwamba ni hapa alipojua kuwa Wajerumani wanamjia. Ngome yake ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, na mji ninaoishi ulianza kama kituo cha kijeshi cha hao waliomfukuza, ingawa jina lake, Iringa, linatokana na neno letu lilinga, yaani ngome. Nimewahi kulala kifudifudi nikatega sikio juu ya jiwe hilo. Nilichosikia ni upepo ukipita kwenye nyufa, na pumzi ya mbwa iliyonuka dagaa.

Mwezi wa saba upepo huo ni mkali na baridi yake hupenya sweta, lakini jiwe huwa limekunywa jua mchana kutwa, na saa kumi na mbili bado lina joto kama chungu kilichoepuliwa mekoni muda si mrefu. Watasema analijua hilo kuliko mimi. Akifika juu hazunguki wala haangalii mandhari. Hutafuta mahali penye bonde dogo, hujilaza ubavu, akanyoosha miguu yote minne na kufumba macho, huku mimi nikikaa kando nikiangalia mabati ya mji yakibadilika rangi.

Jioni ya juzi nilifanya kosa la kumfungua kamba. Nilimwonea huruma, kwa kuwa palikuwa kimya na hapakuwa na mtu karibu isipokuwa vijana wawili, mvulana na msichana, waliokaa upande wa pili wakizungumza kwa sauti za chini. Pimbi mmoja akatokeza kichwa kwenye ufa, akatutazama, akapiga ukelele na kuzama. Watasema aliruka kutoka usingizini kama aliyeungua, akaingia kwenye ufa ule hadi kiunoni, kisha hadi mkiani, kisha sikuuona tena hata mkia. Jua lilikuwa linagusa vilima. Katika latitudo yetu giza halibembelezi: jua likizama mnamo saa kumi na mbili na nusu, dakika ishirini baadaye huoni unapokanyaga, na wenyeji wote hushauri kwamba giza lisikukute kule juu, hasa ukiwa peke yako.

Nikapiga magoti mbele ya ufa na kuita kwa sauti yote niliyokuwa nayo: "Watasema! Watasema!" Mji ulikuwa chini, adhana imeanza, na sauti yangu ikarudi kutoka kwenye mawe. Yule kijana akasimama, akajikung'uta suruali, akaniambia kwa heshima lakini kwa hofu, "Shikamoo baba. Sisi tulikuwa tunaongea tu."

Ilinichukua muda kumweleza kuwa hilo ni jina la mbwa. Msichana alicheka hadi akakaa chini. Wakaja wote wawili wakaniwashia tochi za simu, na kwa mwanga huo tukaona matako ya Watasema yakirudi kinyumenyume, polepole, kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi ya kugeuka. Alitoka na utando wa buibui puani bila pimbi wala mchubuko. Tulishuka wote wanne kwa tochi zao, mimi nikiwa nimeizungusha kamba mara mbili mkononi, na vijana waliagana nami kwenye taa ya kwanza ya barabarani, kila mmoja akashika njia yake.

Nyumbani nilikaa ngazini na kuanza kumtoa vishona nguo. Mbegu hizo nyeusi huwa kavu msimu huu na hujipanga nyuma ya masikio, pale manyoya yalipo laini, kila moja ikiwa na ncha ndogo zinazong'ang'ania, kwa hiyo huwezi kuivuta bila kuyashikilia manyoya kwa mkono wa pili. Nilihesabu arobaini na moja, kisha nikaacha kuhesabu. Alikuwa ameshalala, kidevu juu ya kiatu changu.