Nilivyowafungia mbu chooni

Hapa Masese, Jinja, kila mtu ana dawa ya mbu, na dawa yenyewe ni panga. Fyeka nyasi, kata migomba, ng'oa magimbi. Hajati, mama mwenye nyumba wetu, alifyekesha ua mzima mpaka kuku wakakosa kivuli. Usiku mbu wakaja vilevile.

Sisemi ushauri huo umetoka hewani. Kule Bwamba, chini ya milima ya Rwenzori, watafiti wa Entebbe waligundua miaka ya 1940 kwamba mbu aitwaye Aedes simpsoni huzaliana kwenye maji yanayotuama pale jani la mgomba linapoungana na shina, na ndiye aliyekuwa akiwaambukiza watu homa ya manjano. Lakini yule anauma mchana! Wa kwetu walikuwa wanaanza kuimba masikioni baada ya swala ya isha. Migomba ya Hajati ilikufa bila kesi.

Mimi nikaona kwanza niwajue wabaya wangu, maana kila mbu ana maji yake. Anopheles gambiae, yule wa malaria, hutaka maji madogo yanayopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya wafyatua matofali. Anopheles funestus, mwenzake wa malaria, hutaka maji ya kudumu yenye majani, ukingoni mwa kinamasi. Nilifunga kopo kwenye fimbo, nikachota kila dimbwi la mtaa na kumimina kwenye beseni jeupe. Viluwiluwi vikilala sambamba na uso wa maji, hao ni Anopheles. Vikining'inia kichwa chini, mkia umegusa juu kuvuta hewa, ni jamii nyingine, Culex au Aedes. Kwenye mashimo ya matofali nilipata vya kulala, tena vya kuhesabika. Jeshi lililokuwa likitushambulia halikutoka pale.

Basi nikapanda juu ya choo chetu cha shimo kabla ya magharibi, nikafunga kipande cha neti kuukuu kwenye mdomo wa bomba la hewa, nione kama mbu wanatoka humo. Watoto wa ua wakakusanyika kumwona mtu mzima akikivisha choo kilemba. Asubuhi neti ilikuwa nyeusi. Mbu wamejazana kama chai kwenye chujio, wote wa kahawia, mgongo umepinda, wamekaa sambamba na neti wala si matako juu kama Anopheles. Culex quinquefasciatus, mpenzi wa maji machafu. Huku karibu na ziwa shimo halikauki, kwa hiyo tulikuwa tunawafuga wenyewe na kuwalisha kila siku.

Mzee jirani akaniambia, "Mwanangu, mwaga oili chafu ya gereji." Tukamwaga. Kwa muda mfupi mbu walipungua, lakini kila mtu akiingia chooni utando unavurugika, na harufu ikawa mbaya kuliko ya choo chenyewe. Wakarudi.

Dawa niliyoitaka ilishatumika Makunduchi, Unguja, mwaka 1988: punje za lile povu gumu jeupe linalopakiwa kwenye katoni za televisheni. Zinaelea, zinafunika maji, kiluwiluwi hapati pa kupumulia na mama yake hapati pa kutaga. Haziozi, na kinachodondoka kinapita, zenyewe zinajifunga tena. Shida ni kuzipata punje. Dukani mjini walinipa mapovu bure, wakicheka. Nikaanza kuyakwangua kwa greta ya karoti. Ebu jaribu! Punje zinarukia nywele, ndevu, chai, kanzu ya Hajati iliyoanikwa. Ukizipangusa zinahamia mkononi, ukipuliza zinarudi usoni. Mke wangu akaniuliza kama theluji ya Rwenzori imehamia Masese. Akili ilinijia nilipotia mapovu ndani ya karai la maji na kukwangua humohumo: yakilowa yanatulia kama watoto wa madrasa mbele ya ustadhi. Nilijaza magunia, nikayamwaga kwa ndoo mpaka tabaka likafika unene wa kidole hivi. Gharama yote ni greta mpya na nauli ya boda, tuseme shilingi elfu ishirini na kitu.

Neti ya bombani niliiacha. Baada ya wiki mbili hivi ilikuwa na mbu wachache tu, wale wa kupotea njia. Ndani ya neti ya kulalia bado tunalala, maana wa mashimo ya matofali hawahusiani na choo changu, na mmoja tu anatosha kukulaza hospitali.

Choo kikavu usijisumbue, punje hazina pa kuelea. Na gari la kunyonya likija, litaondoka nazo zote, uanze upya. Sasa nusu ya mtaa inataka mapovu, na duka lililokuwa likinipa bure limeanza kuyauza.