Kilele cha hezi 76

Msimu wa kusaga miwa ulikuwa umepamba moto kiwandani, mkoani Morogoro, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka na kihisi cha mtetemo. Ndani yake mna fuwele. Ikitikiswa hutoa umeme kidogo, na umeme huo ndio unaosomwa. Nakinasisha kwa sumaku juu ya nyumba ya beringi, zile pete zenye gololi zinazoshika shafti, nasoma, nahamia mashine nyingine.

Siku hiyo mota ya feni inayovuta moshi wa boila ilisoma mtetemo wa milimita 2.6 kwa sekunde. Kwa ISO 10816, kiwango cha kimataifa cha mtetemo wa mashine tulichokitumia wakati huo, mota ya ukubwa ule kwenye msingi imara haikutia shaka mpaka ipite 2.8. Lakini jumla huficha mengi, nami siku zote huamini zaidi mchoro wa masafa, unaotenganisha mitetemo kwa idadi yake kwa sekunde. Mota ilizunguka mara 1,480 kwa dakika, karibu 25 kwa sekunde. Feni ikikosa mizania, kilele hukaa kwenye 25. Shafti zikipishana kwenye kaplingi, kiungio cha mota na feni, mara nyingi huchomoza 50. Kilele hiki kilisimama kwenye hezi 76, yaani mara 76 kwa sekunde, nyuma yake 152 na 228. Mara tatu ya mzunguko na kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichonitia hofu: zilikuwa gololi 8 zikipita, moja baada ya nyingine, juu ya jeraha katika pete ya nje ya beringi.

Meneja wa zamu alinisikiliza hadi mwisho.

"Injinia, feni ikizimwa mvuke unakatika, miwa inalala uwanjani ikipoteza sukari. Na beringi yenyewe hata joto haina."

Alisema kweli. Ila beringi huchelewa sana kupata joto. Likija, muda umeshakwisha. Nikamwomba ibadilishwe wakati wa kusimama kwa usafi, uliokuwa karibu, nami nitaipima kila zamu hadi hapo. Akakubali.

Siku ya usafi, fundi mzee wa karakana aliikata pete ya nje kwa grainda. Upande wa chini, unaobeba uzito, chuma kilikuwa kimemenyeka upana wa ukucha. Akapitisha kidole.

"Mwanangu, njoo uone."

Nilifurahi mno, sifichi. Yeye alikuwa ameshafika mbali zaidi: akataka kujua pampu za maji ya boila zinasemaje. Boila ilipowashwa, tulianza na hizo.