Mume wangu, vinyama vya utumbo na sufuria ya maharage

Mume wangu ni polisi, na kambini kwetu hapa Kampala Kiswahili ndicho tunachosemea hadi jikoni. Alipotolewa vinyama kwenye utumbo mpana, daktari alisema havijawa saratani, ila vya aina ile vikiachwa kwa miaka huweza kugeuka. Dawa hakuandikiwa. Aliambiwa arudi kupimwa tena kwa kamera, apunguze nyama, ale nyuzinyuzi. Kazi ikawa yangu.

Mtu wa muchomo, yaani nyama choma, huwezi kumwachisha nyama kwa kusema tu "daktari kakataza". Nikamwita binti wa dada yangu anayesomea kazi za maabara, atueleze sote wawili. Alianza kwa kusema chakula hakikubadilishii jeni ulizozaliwa nazo. Kinachobadilika ni zipi zinasomwa na zipi zinanyamaza. Uzi wa DNA umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na ukikazwa sana, jeni za hapo hazisomeki. Sasa bakteria wa utumbo mpana wakila nyuzinyuzi hutoa kitu kinaitwa butireti. Hicho huzuia vimeng'enya vinavyosaidia kuukaza uzi, na baadhi ya jeni za kuzuia seli zisigawanyike ovyo zinaendelea kusomwa. Tena hutuliza NF-kB, protini inayowasha jeni za uvimbe wa ndani. Si uvimbe wa kuuona kwa macho. Ni ule wa chinichini usiouma, unaochokoza seli zigawanyike kila mara, na kila zikigawanyika kosa linaweza kuingia.

Mume wangu, Baba Zaituni, alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo siku hizi unapikia bakteria?" Nikamwambia ndiyo, wewe unakula masalio yao.

Kilichomgusa zaidi ni habari ya Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago hapa Kampala, yule aliyeeleza mwaka 1958 saratani ya taya za watoto wetu. Baadaye, mwaka 1971, aliandika kwamba saratani ya utumbo ni adimu kwa Waafrika wa vijijini kwa sababu ya vyakula vyao vya nyuzinyuzi. Mwaka 2015 watafiti wakabadilishana vyakula: Wamarekani weusi 20 wakala cha kijijini Afrika Kusini, na wanakijiji 20 wakala cha Kimarekani. Wiki mbili tu. Kwa Wamarekani, nyuzinyuzi zilipanda kutoka gramu 14 hadi 55 kwa siku, butireti ikaongezeka, na uvimbe wa utumbo ukapungua. Kwa wenzao ikawa kinyume. Wiki mbili si ushahidi kwamba saratani imezuiwa, lakini mume wangu alitoka Lira, kaskazini mwa Uganda, akila kalo, yaani ugali wa wimbi, na mboga. Akajiona yumo humo.

Nilianza na maharage, maana sufuria ya maharage haigombani na mshahara. Mwanzoni kidogo kidogo, la sivyo tumbo linajaa gesi na mtu anapata sababu ya kuacha. Posho nyeupe, yaani ugali wa mahindi, nikaipunguza, kalo ya wimbi ikarudi mezani, na mboga za majani za dodo na nakati kutoka soko la Nakawa nazipika muda mfupi, kwa kuwa foleti iliyomo, aina ya vitamini B, huharibika kwa moto mrefu. Foleti nayo hutumika mwilini kutengeneza alama za kemikali zinazobandikwa kwenye DNA.

Soseji niliziondoa kabisa. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo kwa takriban asilimia 18. Muchomo tulipatana: mara mojamoja, isiyoungua.

Karanga ndizo nazikagua kwa ukali. Zenye ukungu, zilizokunjamana au kubadilika rangi natupa, hata jirani akinicheka kwamba natupa pesa. Sumukuvu ya aflatoksini haiishii kuchokoza usomaji wa jeni. Hubadilisha herufi zenyewe za TP53, jeni inayozuia saratani, kwenye ini, na kwa mwenye homa ya ini B hatari huzidi sana. Kuchemsha hakuiondoi.

Wauza unga wa "kusafisha utumbo" wamenijia hadi mlangoni. Sikununua, na tarehe ya kamera haijafutwa kwa sababu ya dodo. Akiwa zamu ya usiku hana namna, anakula cha barabarani; nimemwomba tu aache roleksi (chapati ya kukunjia mayai) achukue kikomando (chapati na maharage), na amwambie muuzaji aongeze maharage kuliko chapati.