Shibiri Moja ya Udongo

Jumamosi mafundi walikuwa wakichimba shimo la choo katika kiwanja cha dada yangu, upande wa kaskazini wa Goma. Kwa siku tatu mtalimbo ulikuwa ukigonga jiwe jeusi la volkano, kisha ukazama ghafla. Chini ya jiwe kulikuwa na udongo wa unene wa shibiri moja, mwekundu kama tofali pale ulipounguzwa na moto na mweusi sehemu nyingine, na ndani yake mzizi uliogeuka makaa. Chini ya udongo huo, jiwe tena.

Nilimkumbuka Giuseppe Recupero, padri wa Catania aliyeuchunguza Etna, mlima wa volkano wa Sicily, Italia, katika karne ya 18. Msafiri Patrick Brydone, katika kitabu cha mwaka 1773, alisimulia kwamba shimo lililochimbwa karibu na Jaci lilipita matabaka saba ya lava, yaani mawe yaliyotoka volkanoni yakiwa yameyeyuka kisha yakaganda, mengi yakiwa yamefunikwa na udongo mnene. Recupero alikadiria kuwa kila udongo wa namna ile ulihitaji miaka 2,000 kujengeka juu ya lava, hivyo tabaka la chini lilikuwa na miaka isiyopungua 14,000, ilhali hesabu ya Askofu James Ussher iliuweka uumbaji mwaka 4004 kabla ya Kristo. Askofu wa Recupero, asema Brydone, alimwonya asijifanye mjuzi wa maumbile kumpita Musa.

Namba ya Recupero ilikuwa dhaifu, kwani udongo hujengeka upesi au polepole kutegemea mvua, joto na majivu. Hata hivyo, kosa lake lingeweza kusahihishwa na mtu yeyote mwenye jembe na kipimo, awe anasali au hasali, na kwangu mimi hapo ndipo jiolojia, elimu ya miamba na ardhi, ilipoanza kusimama kwa miguu yake. Naumia ninaposikia wanafunzi wakisema kwamba ilizaliwa kwa kuwafukuza waumini. Adam Sedgwick alikuwa kasisi wa Anglikana na profesa wa Cambridge. Mwaka 1831, mbele ya Chama cha Jiolojia cha London, alikiri wazi kwamba alikosea kuihusisha changarawe ya mabondeni na Gharika ya Nuhu. Alibaki kasisi hadi kufa. Gharika ndiyo iliyoondolewa katika orodha ya vielelezo, kwa sababu changarawe zenyewe zilikataa kuithibitisha.

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji wa Goma, tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, na njiani Mama alituambia kwamba ni ghadhabu ya Mungu. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa na daftari za jiolojia mkononi, nilimjibu kwa ukali mbele ya wageni kwamba ni nyufa za ardhi tu. Somo langu halikunipa ruhusa ya kumjibu hivyo. Yeye aliuliza kwa nini sisi, nami nilikuwa nimejifunza kueleza lava ilipitia wapi.

Jumamosi hiyo alikuja, akainama ukingoni mwa shimo, akauvunja ule mzizi kwa vidole.

“Mwanangu, udongo huu ulichukua miaka mingapi?”

Sikumtajia namba. Nilimpeleka nje ya ua, kwenye lava ya 2002, ambako majani yameshaota katika nyufa, nikachomeka kidole katika vumbi lililokusanyika hapo. Halikufunika hata ukucha.

“Basi ni mingi,” alisema, akarudi shimoni kutazama tena.