Lab ya anatomia siyo ya kukariri

Jamani hii kozi ya anatomia na fiziolojia msiichukulie poa. Darasani unameza mifupa 206 unatoka unajiona daktari, sasa ngoja uingie lab upewe fupa la paja uulizwe la kulia au la kushoto, watu kimyaa. Kumbe unaangalia kile kichwa cha duara kinaelekea ndani, ule mstari uliochongoka unakaa nyuma, basi upande unajulikana.

Ila mimi nilinogewa siku ya moyo. Tulienda soko la Majengo kununua mioyo ya mbuzi, muuza nyama anatushangaa eti mioyo mitupu, maini hamtaki? Ukiupasua kwa urefu unaona ukuta wa ventriko (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto mnene kweli, wa kulia mwembamba, sababu kulia inasukuma damu hapo jirani tu kwenye mapafu wakati kushoto inapeleka mwili mzima mpaka unyayoni. Halafu kuna vikamba vyeupe vimeshika vali, yaani vile vilango vya damu, vyembamba kama uzi ila ukivivuta na kibanio havikatiki ng'o, ndo vinazuia vali isipinduke damu ikarudi juu.

Kupima presha nako kuna raha yake, unaachia upepo wa kile kitambaa cha mkononi taratibu, mlio wa kwanza kwenye stetoskopu ndo namba ya juu, ukipotea ndo ya chini. Sema harufu ya formalini, ile dawa ya kuhifadhia viungo visioze, na hili jua la Dodoma saa nane mchana, aisee, chipsi za kantini hazipiti.