Siku 90 baada ya kupewa ufunguo

Mtu aliyelala miaka kwenye baraza za maduka ya Kisumu, ana ugonjwa wa kuanguka na anavuta gundi, huambiwa neno lilelile kila anakopelekwa: acha gundi kwanza, tumia dawa vizuri kwanza, nyumba baadaye. Mpangilio huo umegeuzwa juu chini. Vidonge vya kila siku vinataka pa kuwekwa. Pale stendi vinaloa au vinaibwa pamoja na koti. Kulala nje ni kushtuka usiku kucha, na kukosa usingizi kunaamsha kifafa. Gundi nayo wengi wanaivuta ili wasisikie njaa na baridi. Chumba ndicho kitangulie. New York walianza hivyo mwaka 1992, na Ufini imeufanya utaratibu huo kuwa mpango wa taifa tangu 2008.

Kwetu, kanisa au kikundi kinachotaka kufanya kazi hii kiwe na pesa mkononi kabla ya kumhamisha mtu. Tuseme chumba mtaa wa Nyalenda ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Miezi 6 ni 18,000, dipoziti 3,000, na 3,000 nyingine ya mlango utakaovunjwa au kufuli litakalopotea: jumla 24,000 kwa mtu mmoja, bila chakula. Anayeanza na kodi ya mwezi mmoja anamrudisha mtu mtaani akiwa amevunjika moyo zaidi.

Mwonyeshe vyumba viwili achague mwenyewe. Kiwe kwenye ploti ya vyumba vichache, zahanati iwe ya kufika kwa miguu, na pasiwe jirani na mama pima, muuza chang'aa. Lakini usimpeleke mbali mno: mtu wa mtaa wa Kondele ukimtupa nje kabisa ya mji, jioni utamkuta Kondele. Mwenye ploti apewe nambari ya kupiga saa yoyote. Ugonjwa wa mpangaji asielezwe, hiyo ni siri yake.

Funguo ziwe tatu: yake, ya mwangalizi wa ploti, na ya anayemtembelea. Yake ifunge kwa kamba ya kiatu aivae shingoni. Mwenye kifafa alalie godoro chini, mbali na ukuta wenye kona kali, na atumie taa ya sola badala ya koroboi. Jiko la makaa lisiingie kabisa. Amezoea kuota moto nje penye upepo; ndani ya chumba kilichofungwa usiku, makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, naye haamki.

Kwa hiyo wiki za mwanzo asipike. Elewana na mama wa kibanda kilicho karibu: sahani moja mchana, moja jioni, ugali na sukuma au omena, mnalipa kila Ijumaa. Mama huyo ana thamani kuliko fomu zote za ofisini, maana asipomwona mtu wake kwa milo miwili anapiga simu. Hakuna dalili ya mapema kuliko hiyo.

Wengine hulala sakafuni karibu na mlango, au wanarudi barazani usiku mmoja mmoja. Hayo si kushindwa, usimfokee. Mtembelee kila siku wiki ya kwanza, mara tatu kwa wiki hadi mwezi wa kwanza uishe, kisha kila wiki hadi siku ya 90. Mfanyakazi mmoja akizidisha watu kumi, ziara zinageuka salamu za mlangoni.

Mnywaji mkubwa wa chang'aa asikatazwe ghafla. Kati ya saa 6 na 48 baada ya glasi ya mwisho anaweza kupata degedege, na kufikia siku ya pili hadi ya nne akachanganyikiwa kiasi cha kuhatarisha maisha. Kuacha kwake kusimamiwe na kituo cha afya. Anayesahau vidonge vya akili, uliza kliniki kuhusu sindano ya kila wiki 2 hadi 4. Na akianzishwa dawa za TB, wahudumu wa TB na wa akili wote waambiwe, kwa sababu rifampisini, moja ya dawa za TB, hupunguza nguvu ya dawa kadhaa za akili, halopedoli ikiwemo.

Vyumba vingi hupotea kwa sababu ya wageni. Wenzake wa besi, kijiwe walikolala pamoja mtaani, wanasikia ana chumba, mvua inanyesha, wanakuja wanne. Hawezi kuwafukuza: mtaani waligawana mkate na kulindana, na upweke wenyewe unamtisha. Kumwambia "kataa" ni kumtaka awasaliti. Afadhali mwangalizi atangaze sheria ya ploti, wageni mwisho saa mbili usiku, ili lawama zisimwangukie yeye. Wenzake nao watafutiwe msaada wao.

Kitambulisho kianze kushughulikiwa wiki ya kwanza. Bila cheti cha kuzaliwa na wazazi wa kushuhudia huchelewa, na chifu atahitajika. Bila kitambulisho hasajiliwi SHA, bima ya afya ya serikali, na kulazwa hospitali kunataka mchango uliolipwa: kwa asiye na mshahara, usiopungua 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Akifukuzwa, mtafutie chumba kingine, ila badilisha kilichoharibu cha kwanza. Kama kilikuwa kelele za usiku, tafuta cha pembeni mwa ploti. Kama kilikuwa wageni, kisiwe kwenye njia ya kwenda stendi.