Dodoso la kiwewe na mpaka wa 2.5

Wenzangu mnaopima kiwewe kambini, lile Dodoso la Kiwewe la Harvard lilichapishwa 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa Kambodia, Laos na Vietnam. Mtu hujibu jinsi kila dalili ilivyomsumbua wiki iliyopita, 1 (hapana kabisa) hadi 4 (mno), na wastani wa 2.5 ndio mpaka uliozoeleka: anayeufikia huhesabiwa kuwa na ugonjwa wa kiwewe. Mpaka huo ulipatikana kliniki, Marekani. Ukiubandika kwa Wakongo wa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, bila kuulinganisha na mahojiano ya mtaalamu, utawapa watu ugonjwa wasio nao na kuwapita walio nao.

Tafsiri: mmoja atafsiri, mwingine ambaye hajaona asili airudishe katika lugha ya awali, kisha kaeni na watu wa jamii hiyo swali kwa swali. Kiswahili cha Bukavu si cha Unguja!

Swali linalotusumbua zaidi ni lile la kuhisi huna mustakabali. Anayengoja kuhamishiwa nchi nyingine akijibu 4, huenda anaieleza kambi tu, si dalili. Mwulize, "Kwa nini?" na uandike jibu lake pembeni. Jinamizi nalo: kuota marehemu, kwa wengine, ni mzee kaja kuwatembelea. Hesabu pale tu ndoto inapomtisha au kumnyima usingizi.

Maumivu ya kichwa na moyo kwenda mbio ongezeni kwa maswali yenu, ila msiyatie kwenye wastani ule.

Mkalimani asiwe mtoto wa anayehojiwa wala jirani yake. Mbele yao maswali ya ubakaji hujibiwa "hapana", na fomu inaonekana safi kabisa.